Juu ya Agizo la "Sawazisha" katika Somo la Kemia

Mwanafunzi anayeanza kemia hukutana mapema na agizo hili: "Sawazisha milinganyo ifuatayo." Ni maneno matatu tu, na mawili kati yake yasema jambo moja, maana mlinganyo ni kitu kilicholingana, na kusawazisha ni kukifanya kitu kiwe sawa. Basi mwanafunzi aambiwa akifanye sawa kitu ambacho jina lake ladai kuwa ki sawa tayari. Haambiwi ni nini kilichopungua wala ni wapi palipozidi, na zaidi ya yote haambiwi ni kitu gani aruhusiwacho kukigusa na ni kipi akatazwacho. Walimu hulalamika kuwa watoto huzibadili fomula za vitu ili hesabu itimie. Nia yangu katika kurasa hizi ni kuonyesha kwamba kosa hilo, ambalo kwa desturi hutupwa juu ya uvivu wa mtoto, kwa sehemu kubwa limo ndani ya maneno tunayomfundishia, na kwamba lugha hiyo hiyo inayo dawa yake tukiitafuta.

Yawezekana msomaji aseme kwamba shauri hili halina haja, kwa kuwa katika shule za sekondari za Tanzania na Kenya kemia hufundishwa kwa Kiingereza. Ni kweli kwamba kitabu ni cha Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza. Lakini mwanafunzi anapomgeukia mwenzake na kumwuliza, "Hii tunaifanyaje?", hamwulizi kwa lugha ya kitabu, na mwalimu anapoona nyuso zimemkodolea macho bila kuelewa, huweka chaki chini na kueleza kwa Kiswahili. Kazi yenyewe ya kuelewa yafanyika hapo. Kiswahili hicho cha pembeni, kisichoandikwa wala kusahihishwa na mtu, ndicho ninachokihakiki. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ilitupa majina ya vitu kwa wingi, na kazi ile ilikuwa kubwa. Ila istilahi si sentensi. Mtu aweza kuwa na majina yote ya viungo vya pilau na asijue kuipika.

Tulitazame kwanza neno lenyewe. Katika maneno ya kila siku, mkulima husawazisha shamba, na fundi husawazisha sakafu. Wafanyaje? Palipo na kichuguu hupakata, na palipo na shimo hupafukia. Udongo uliotolewa huku hutiwa kule, mpaka jicho lisione tena tofauti. Hiyo ndiyo maana mtoto aliyokuja nayo kutoka nyumbani, na ni maana safi isiyo na ila. Sasa mpe mlinganyo huu:

H₂ + O₂ → H₂O

Atahesabu. Haidrojeni ni mbili kushoto na mbili kulia, vema. Oksijeni ni mbili kushoto na moja kulia. Hapa pana shimo. Atalifukia kwa njia iliyo fupi, aandike H₂O₂, na kila kitu kitakuwa sawa. Ametii neno kama alivyotii fundi wa sakafu. Mwalimu atapitisha kalamu nyekundu juu ya kazi yake, na mtoto atabaki akishangaa, kwa kuwa kila akihesabu upya aona hesabu yake imetimia.

Na kwa hakika imetimia. Kosa halimo katika hesabu. Limo katika jambo ambalo hesabu hailijui. H₂O₂ si maji yaliyoongezwa kidogo. Ni haidrojeni peroksaidi, dawa inayouzwa katika maduka ya dawa kwa kuoshea vidonda na kufifishia rangi ya nywele, na ikiwa kali huunguza ngozi. Mtoto aliulizwa habari za maji, akajibu habari za kitu kingine kabisa. Ni kama karani aliyeona fedha za Juma hazitoshi, akafuta jina la Juma akaandika la mtu mwingine ambaye fedha zake zatosha.

Nitatoa mfano wa pili, maana katika huu hatari yaonekana waziwazi. Mkaa ukiungua penye hewa ya kutosha hutoa kaboni dioksaidi, CO₂. Ukiungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, CO. Mwanafunzi apewa asawazishe:

C + O₂ → CO

Jawabu ni 2C + O₂ → 2CO. Lakini ipo njia nyepesi: kuongeza kijinamba 2 mguuni pa O, ikawa CO₂. Pande zote mbili sawa, na hapakuhitajiwa hata namba moja ya mbele! Katika daftari mabadiliko hayo ni ya alama moja ndogo kuliko mbegu ya mtama. Katika chumba chenye jiko la mkaa, na madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, alama hiyo ndiyo tofauti baina ya hewa ile tuitoayo puani kila pumzi na hewa inayomlaza mtu asiamke. Kaboni monoksaidi hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, haina harufu wala rangi, na kila mwaka wenye kulala na jiko ndani hufa kwayo. Wapishi wameiona bila ya kuijua jina: miale ya samawati inayocheza juu ya mkaa uliokolea ni kaboni monoksaidi hiyo ikiungua, 2CO + O₂ → 2CO₂. Mwanafunzi aliyezoezwa kubandika na kubandua vijinamba hivyo kama mapambo hataona sababu ya kuviogopa mahali penye haki ya kuogopwa.

Basi ni nini kilicho sawa, na ni nini kisichoguswa? Hapa yafaa kurudi nyuma kidogo katika historia, kwa kuwa mambo haya mawili hayakupatikana siku moja wala kwa mtu mmoja. La kwanza twalipata kwa Lavoisier. Katika kitabu chake cha mwaka 1789 Mfaransa huyo alishika kanuni kwamba katika kazi zote za kemia hakuna kinachoumbwa wala kinachopotea, na juu ya kanuni hiyo aliandika maji ya zabibu upande mmoja, na upande wa pili kaboni dioksaidi pamoja na kileo, akatia alama ya usawa katikati. Alichokilinganisha ni uzito. Alikuwa mtu wa mizani, na mizani yake ilikuwa miongoni mwa zilizo bora katika Ulaya ya siku zile.

La pili lilichelewa. Dalton, ambaye kitabu chake juu ya atomu kilianza kutoka mwaka 1808, aliamini kwamba molekuli ya maji ni atomu moja ya haidrojeni na atomu moja ya oksijeni. Kwetu sisi ingeandikwa HO. Tazama jinsi mlinganyo wake ulivyo mwepesi: H + O → HO. Umekwisha sawazika wenyewe, hauna kazi. Lakini mwaka ule ule wa 1808 Gay-Lussac alitangaza kwamba vipimo viwili vya haidrojeni hushika kipimo kimoja cha oksijeni, vikatoa vipimo viwili vya mvuke wa maji. Avogadro alieleza mwaka 1811 kwamba jambo hilo laeleweka tukikubali kwamba haidrojeni na oksijeni hutembea kwa atomu mbili mbili. Hakusikilizwa. Ilipita karibu miaka 50, mpaka mkutano wa Karlsruhe wa mwaka 1860, ambako Cannizzaro aliyafufua maneno ya Avogadro, ndipo wanakemia wakaanza kuafikiana juu ya fomula.

Naona kuwa habari hii ingefaa kusimuliwa darasani kabla ya zoezi la kwanza, wala isichukuliwe kuwa ni hadithi za kupumzishia. Mtoto akijua kwamba kile kijinamba 2 mguuni pa H kiliwagharimu wataalamu nusu karne ya ubishi, na kwamba kiliamuliwa kwa kupima na si kwa kupenda, ataelewa kwa nini yeye hana ruhusa ya kukihamisha kwa dakika moja. Fomula ni ushahidi uliokwisha kutolewa. Afanyaye zoezi la kusawazisha haitwi kutoa ushahidi mpya. Aitwa kuhesabu mara ngapi kila kitu kimetokea.

Wasomaji wa jarida hili watakuwa wamekwisha kuhisi jambo ninalolikaribia. Sisi tunalo tayari katika fasihi yetu somo zima la mizani, na wenye kulijua si wachache. Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliweka katika maandishi mambo ambayo malenga walikuwa wakiyashika kwa sikio tangu zamani: kwamba mshororo wa shairi una mizani zilizohesabiwa, nane huku na nane kule, na kwamba upungufu wa mizani moja ni ila. Mtoto wa Kiswahili aliyesoma shairi shuleni amekwisha kuhesabu vipande vya sauti kwa vidole, akapima upande mmoja kwa mwingine. Huyo si mgeni wa kusawazisha. Kinachobaki ni kumwonyesha mahali ambapo kazi ya mshairi na kazi ya mwanakemia zaachana.

Zaachana katika jambo moja, nalo ni kubwa. Mshairi akipungukiwa au kuzidiwa na mizani, ana ruhusa ya kuligusa neno lenyewe. Akizidiwa hutumia inkisari: "aliyekuja" alifupisha likawa "alokuja", na mizani tano zimekuwa nne. Akipungukiwa hutumia mazida: "afya" hulivuta likawa "afiya", na mbili zimekuwa tatu. Neno limeguswa, na maana yake imebaki palepale. Ndiyo sababu ruhusa hiyo ikatolewa. Katika kemia hakuna inkisari wala mazida. H₂O haivutwi ikawa H₂O₂ na maana ikabaki, wala CO₂ haifupishwi ikawa CO. Hapa kila herufi na kila kijinamba ni maana. Basi mwanakemia amefungwa zaidi kuliko mshairi aliye mgumu wa kanuni: hana la kufanya ila kulitaja neno zima zima, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka pande ziwiane.

Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba kuleta ushairi katika somo la sayansi ni kuchanganya nazi na chumvi. Na waseme. Mchuzi wa pwani una vyote viwili.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nalishuku kuliko yote, na ambalo sioni likitajwa katika mazungumzo ya ufundishaji. Katika Kiswahili namba hufuata jina: watu wawili, vikombe viwili, atomu mbili. Katika maandishi ya kemia ziko namba za namna mbili. Ile kubwa hutangulia fomula, na ile ndogo hufuata herufi na kukaa chini yake. Alama 2O maana yake ni atomu mbili za oksijeni zilizo mbalimbali, na O₂ maana yake ni atomu mbili zilizoshikana zikawa molekuli moja. Asomaye kwa lugha ambayo namba hutangulia jina, hutamka ya kwanza namba ikiwa mbele na ya pili namba ikiwa nyuma, na sikio lake hulinda tofauti hiyo bila jitihada. Lakini mtoto anayefikiri kwa Kiswahili huzisomaje? Ya kwanza ni "oksijeni mbili." Ya pili ni "oksijeni mbili." Sarufi yetu imezipeleka namba zote mbili mahali pamoja, nyuma ya jina, na tofauti iliyokuwa machoni imekufa mdomoni. Tena majina haya ya kigeni, oksijeni, atomu, molekuli, yamo katika ngeli isiyobadilika kwa wingi, hata umbo la neno lisitupe msaada ambao tungeupata katika "kikombe" na "vikombe".

Msomaji na ajaribu mwenyewe kusema kwa sauti, pasipo kuandika, "haidrojeni mbili na oksijeni mbili." Amesema nini? Huenda ni H₂ + O₂, huenda ni 2H + 2O, huenda ni 2H₂ + 2O₂, au hata ile H₂O₂ ya wenye vidonda. Sentensi moja yabeba mambo manne. Je, tustaajabu kwamba mtoto huchukua namba ya mbele akaiweka chini, na ya chini akaiweka mbele? Kwa sikio lake ni namba ile ile.

Dawa ninayoipendekeza si neno jipya. Tunalo neno "jozi". Jozi ya viatu ni viatu viwili vinavyokwenda pamoja. Mwenye duka hakuuzii kimoja. (Wacheza karata huiita jozi pakiti nzima ya karata, nao watatusamehe.) Haidrojeni, oksijeni, naitrojeni na klorini zote hutembea kwa jozi. Basi H₂ isomwe "jozi ya haidrojeni", na 2H₂ isomwe "jozi mbili za haidrojeni". Mlinganyo wa maji, 2H₂ + O₂ → 2H₂O, sasa wasomeka hivi: "Jozi mbili za haidrojeni huungana na jozi moja ya oksijeni, zikafanya molekuli mbili za maji." Namba ya mguuni imeingia ndani ya neno jozi, haiwezi tena kuponyoka, namba ya mbele imebaki peke yake mwishoni, mahali pake pa kawaida katika Kiswahili. Na hapo mtoto anayeona kwamba kushoto pana vitu vitatu na kulia viwili, akataka kulalamika kuwa tatu si sawa na mbili, atajibiwa kwa viatu: jozi tatu ni viatu sita, kulia nako, kila molekuli ya maji ina atomu tatu, nazo ni mbili, jumla sita. Atomu ndizo zilizo sawa, na uzito pamoja nazo. Kwa vipimo vya kitabu haidrojeni ni 4 na oksijeni ni 32, jumla 36. Na molekuli mbili za maji, kila moja 18, ni 36. Idadi ya molekuli haikuahidiwa kuwa sawa. Ni jambo ambalo neno "sawazisha" peke yake haliwezi kulisema.

Jozi yatufaa tena katika shida ya nusu. Chukua gesi ya butani, ambayo pamoja na propani ndiyo iliyomo katika mitungi ya kupikia:

C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O

Mwenye busara huanza na kaboni, kwa kuwa kila upande imo katika kitu kimoja tu: nne kushoto, basi CO₂ ni nne. Kisha haidrojeni: kumi kushoto, basi maji ni molekuli tano. Oksijeni huachwa mwisho, kwa sababu mbili: kulia imetawanyika katika vitu viwili, na kushoto iko peke yake, hivyo kuibadili hakumvurugi mwingine. Kulia sasa pana oksijeni nane katika CO₂ na tano katika maji, jumla 13. Kushoto huja kwa jozi. Atomu 13 ni jozi sita na nusu. Wanafunzi wengi husimama hapa kwa hofu, kana kwamba wamevunja kitu. Wengine hurudi na kukiharibu walichokwisha kukipata kwa haki. Lakini nusu jozi ni nini? Ni kiatu kimoja. Hesabu ni sahihi, ila dukani hakiuzwi kimoja. Basi tununue mara mbili ya vitu vyote:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Utaratibu huo wa kuanza na kilicho mahali pamoja, na kumaliza na kilicho peke yake, haumo katika agizo la "sawazisha". Vitabu vingine huutaja kwa mstari mmoja, vingine humwacha mtoto abahatishe namba mpaka zikubali. Kubahatisha kwatosha katika maji na chumvi. Katika butani humchosha, na kuchoka huko ndiko kunakomfanya aone kuwa vijinamba vya chini ni rahisi zaidi.

Mazoezi yenyewe nayo yana la kusemwa. Mara nyingi ni orodha ya milinganyo 20 isiyo na mwenyewe, imekatwa kutoka katika vitu vyake kama majina ya maiti. Mtoto wa pwani ameona tanuu la chokaa likipakiwa mawe ya matumbawe na kuwashwa moto. Jiwe hilo ni CaCO₃, na moto hulifanya CaCO₃ → CaO + CO₂. Maji yakimiminwa juu ya chokaa hiyo huchemka na kutoa mvuke, CaO + H₂O → Ca(OH)₂. Na ukutani, mwaka baada ya mwaka, chokaa hurudisha hewa iliyoipoteza ikawa jiwe tena, Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O. Milinganyo yote mitatu yasawazika bila namba hata moja ya mbele. Ningeitanguliza hiyo, kwa sababu yamzoeza mtoto kuhesabu na kukuta kuwa kumetimia. Asijizoeze kudhani kwamba kila mlinganyo umekuja kwake mgonjwa.

Kisha ningempa magadi. Kila jiko linalopika maharage makavu layajua. Katika Ziwa Magadi, ndani ya Bonde la Ufa nchini Kenya, huchimbwa jiwe la trona, na tangu kampuni ya magadi ilipoanzishwa mwaka 1911 jiwe hilo limekuwa likichomwa kupata magadi meupe ya viwandani:

2(Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O) → 3Na₂CO₃ + CO₂ + 5H₂O

Ni mlinganyo wa kuogofya kwa sura. Lakini sodiamu yaufungua kwa pigo moja: kila trona ina tatu, na kila molekuli ya Na₂CO₃ hutaka mbili, tatu haigawanyiki kwa mbili, basi trona ziwe mbili, sodiamu sita, na Na₂CO₃ tatu. Kaboni nne kushoto, tatu zimekwisha, moja yabaki kwa CO₂. Haidrojeni kumi, basi maji matano. Oksijeni 16 na 16 zajihakikisha zenyewe. Hapa mwanafunzi huona namba ya mbele ikifanya kazi ambayo hakuna kingine kingeweza kuifanya, na huona tena kwamba jiwe hupungua uzito motoni kwa kiasi ambacho mwenye kiwanda aweza kukikadiria kabla ya kuwasha moto. Hicho ndicho kilichomfanya mtu kuandika milinganyo.

Lakini pana onyo ambalo sitaki lipotee katika sifa hizi za mizani. Tazama:

Cu + 2HCl → CuCl₂ + H₂

Hesabu haina dosari. Shaba moja, haidrojeni mbili, klorini mbili, huku na kule. Ila tia kipande cha shaba katika asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, ungoje viputo vya haidrojeni, utangoja sana. Shaba haina nguvu ya kuiondoa haidrojeni mahali pake. Badala yake weka zinki, Zn + 2HCl → ZnCl₂ + H₂, nayo itachemka mbele ya macho yako. Milinganyo miwili ya sura moja, mmoja ni kweli na mwingine ni uongo ulio na mizani kamili. Wahakiki wa ushairi wamezoea jambo hili. Tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 na kuuacha utaratibu wa vina na mizani, mabishano yaliyofuata yalitulazimisha kukiri jambo ambalo pande zote mbili zilikuwa zikilijua: kwamba shairi laweza kuwa na mizani zote 16 na lisiwe na neno la maana ndani yake. Kusawazika si ushahidi kwamba jambo limetokea. Mwalimu anayetunga mazoezi kwa kubuni fomula tupu, madhali zasawazika, awafundisha wanafunzi wake kutunga mashairi ya namna hiyo.

Limebaki neno la mshale. Wengi huusoma mshale "ni sawa na", na hapo huirudisha kemia katika hesabu za kujumlisha. Mshale si alama ya usawa, ni kitenzi. Na Kiswahili kina wakati unaoufaa kama kwamba uliumbwa kwa ajili yake, yaani ile "hu-" ya mambo yatukiayo siku zote: mkaa huungua, chokaa hurudi jiwe. Ikifuatwa na "-ka-" twapata mwendo kamili wa jambo, "huungana... zikafanya," tendo na matokeo yake, wala pasiwe na haja ya kumtaja mtendaji. Ningependa kila mlinganyo usomwe kwa sauti darasani kwa namna hiyo kabla haujaguswa na kalamu.

Shida ni mshale wa pande mbili, ambao van 't Hoff aliuanzisha mwaka 1884 kwa mambo yaendayo na kurudi. Jozi moja ya naitrojeni na jozi tatu za haidrojeni hufanya molekuli mbili za amonia. Na papo hapo, chomboni mle mle, amonia huvunjika ikawa jozi zile zile. "Hubadilishana" halifai, kwa maana ni biashara ya kupeana. "Hurudiana" limekwisha kuchukuliwa na mke na mume waliopatana. Kwa sasa nasoma "huwa na kurejea", nami naliona neno hilo ni zito mdomoni. Mwenye jingine lililo jepesi, nalingoja.